Majivu Katika Maji ya Mawe Mawili

Asubuhi ile maji yalikataa kushuka tena.

Nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa bwawa, kichupa cha kupimia mkononi. Nilichota maji kidogo, nikadondosha matone ya dawa, nikatikisa, nikakiinua kichupa kwenye mwanga. Maji mazuri yakitiwa dawa ile hugeuka rangi ya chungwa lililoiva. Yaliyozidi uchachu huwa manjano. Yaliyopungukiwa uchachu huwa ya waridi, na kadiri yanavyoharibika ndivyo waridi lile linavyokolea. Kichupa changu kilikuwa chekundu kama jicho la mtu aliyekesha.

"Maji ni saba nukta tisa," Mizani akasema kutoka juu ya nguzo yake. "Tahadhari. Tafadhali ongeza asidi."

"Nimeona, mama."

"Asante kwa ushirikiano."

Mizani ni mtambo, lakini ana sauti ya mwanamke wa Unguja, ya pole na ya adabu, na watoto wa mtaa wetu wa Mawe Mawili humwamkia shikamoo wakipita. Kazi yake ni kupima pH ya maji, namba inayopanda uchachu unapopungua, mchana na usiku. Namba ikifika nane, malango ya bwawa hujifunga yenyewe, wala hakuna binadamu mwenye ufunguo. Wenye mji waliamua hivyo baada ya watoto wengi kuugua katika mabwawa mengine. Maji yakishapita nane, klorini hubaki jina tu. Unaitia, unainusa, lakini haiui kitu. Vijidudu huogelea nayo bega kwa bega.

Na kushusha nako kuna mpaka wake. Maji yakishuka chini ya saba, chembe zinakufa.

Chembe za baridi ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Zilitengenezwa miaka ile joto lilipoanza kuua watu barabarani. Chakula chake ni joto. Jua la mchana la Dodoma linaweza kumwangusha mtu kabla hajavuka kutoka duka moja hadi la pili, lakini ndani ya bwawa, kadiri jua linavyochoma ndivyo chembe zinavyoshiba na maji yanavyopoa. Ndiyo maana kila siku saa tano mtaa mzima hupanga foleni langoni, ukaingia majini, ukakaa humo hadi jua lilegee. Wazee hukaa upande wa kina kifupi na bao lao linaloelea. Akina mama husukana nywele. Hakuna anayeita kuogelea. Tunaita kukaa.

Tatizo la chembe ni kwamba zikila joto, huyapandisha maji. Kila siku zinapandisha, kila siku mimi nashusha. Marehemu mke wangu, Sechelela, alikuwa akiniambia kazi yangu ni sawa na kubembeleza mtoto asiyelala: ukimlaza huku, anaamka huku.

Lakini mtoto huyu wa sasa alikuwa haamki tu. Alikuwa anaumwa. Kwa majuma kadhaa nilikuwa namimina asidi mara mbili ya kawaida na maji yakipanda vilevile. Nilishuku pampu, nikaifungua, haikuwa na kosa. Nilishuku asidi yenyewe kwamba imechakachuliwa, nikaijaribu, ilikuwa kali kiasi cha kunitoa machozi. Sasa limebaki dumu moja, na gari la kuleta jingine halitafika kabla ya Ijumaa. Kilichobaki kukaguliwa kilikuwa chujio.

Nikazima pampu, nikafungua mfuniko wa chujio, nikaingiza mkono kwenye mchanga wake hadi kwenye kiwiko. Ulitoka na tope la kijivu, laini, linaloteleza vidoleni kama sabuni. Nikalinusa.

Lilinukia majivu ya jikoni.

Nikakaa chini pale pale. Sikuwa na haraka ya kusimama, maana nilijua nikisimama nitakuwa na mahali pa kwenda.

* * *

Zamani, watu wazima wanasema, matanga yakianuliwa majivu ya moto wa msiba yalizolewa yakatupwa pembeni mwa shamba. Siku hizi mashamba hayapo. Mtu wa kwanza kuyatia bwawani simjui. Labda alikosa pa kuyatupa. Labda alitaka tu marehemu wake apoe. Ila inajulikana kilichotokea: maji yaliwaka. Pale majivu yalipoangukia paliangaza kijani, mwanga ukatambaa kama mtu anayejinyoosha usingizini, kisha ukatoweka. Watu wakapiga magoti. Wakasema ameitika. Mchungaji alikuwepo, naye akakohoa tu, akaangalia pembeni.

Tangu hapo hakuna nyumba iliyoacha. Ukianua matanga, unatia nusu ya majivu. Nusu nyingine unaiweka, unaitia mwaka ukitimia, na hapo ndipo unahesabiwa kwamba umemaliza kuomboleza. Mwanzoni kilikuwa kiganja. Baadaye kikombe. Halafu ikaonekana kwamba majivu yakiwa mengi mwanga nao unakuwa mkubwa, na nani anataka baba yake aitike kwa unyonge kuliko baba wa jirani? Sasa ni beseni.

Nami nilitia beseni la Sechelela. Bwawa zima liliwaka. Nilisimama mle majini hadi kifuani, mwanga ule ukanizunguka, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike nilivuta pumzi ikafika chini. Nusu yake ya pili iko nyumbani, kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati. Mwaka wake ungetimia Jumapili hii.

Na leo ilikuwa zamu ya Mzee Lungwa.

Mzee Lungwa alikufa wiki iliyopita langoni kwetu. Siku ile Mizani alitangaza nane kabla ya saa sita, malango yakajifunga foleni ikiwa nje. Nilikimbia na asidi, nikamimina, nikasubiri, nikamwomba Mizani kama mtu anavyomwomba Mungu. Yalipofunguka, wengine walikuwa wamejibanza chini ya mabati ya duka la jirani. Yeye alikuwa amemwachia mwanamke mjamzito nafasi yake ya kivulini. Tulimkuta amekaa ameegemea ukuta, kofia mapajani, kana kwamba anasubiri kunyolewa.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimewafungulia lango waje kutia majivu ya shemeji yake, Perusi, mdogo wa mkewe. Beseni lilikuwa zito. Wanawake walitaka kusaidiana. Mzee Lungwa akasema, "Niachieni. Shemeji yangu alinilisha miaka mingi, leo nimbebe." Akaingia nalo majini mwenyewe.

* * *

Nilifika kwa Mama Malogo, mjane wa Mzee Lungwa, kabla ya chai. Wanawake walikuwa uani wanasugua masufuria ya msiba, wanaume wanakunja mikeka. Moto ulikuwa umezimwa. Kalunde, mtani wao wa Kinyamwezi, alikuwa amekalia kiti cha marehemu, amevaa koti la marehemu, anawadai watu tumbaku kwa sauti ya marehemu.

"Huyo, huyo!" akapiga kelele aliponiona. "Fundi wa maji! Umekuja kupima na chai yetu? Tutie matone, tuone kama tumeiva!"

"Mbukwenyi," nikawaamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa. Kaa. Ila usikohoe karibu na haya majivu. Mzee Lungwa alikuwa mchoyo, ukipeperusha hata punje moja atafufuka akudai."

Watu wakacheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na Kalunde huifanya vizuri. Mimi sikuweza kucheka, naye akaliona hilo, akateremka kwenye kiti.

Mama Malogo alikuwa ndani, kwenye mkeka. Bi Yudita ni jina lake, lakini mtaani wengi wanamwita kwa jina la mwanawe. Mke wangu alikuwa akimwita dada, kwa hiyo yeye huniita shemeji. Beseni lilikuwa kando yake, limefunikwa khanga mpya. Malogo, mwanawe mkubwa, alisimama mlangoni mikono kifuani.

"Pole tena, Mama Malogo."

"Tumeshapoa, shemeji. Saa ngapi unatufungulia? Wageni wa Kondoa wanataka waone, na kesho alfajiri wanaondoka."

Nilitafuta pa kuyaweka macho yangu. "Nilikuwa naomba msitie leo."

"Kwa nini?"

"Maji yako juu sana. Asidi imebaki dumu moja. Mkisubiri gari la Ijumaa..."

"Ijumaa?" Malogo akaingia hatua moja. "Matanga yanaanuliwa nusu nusu siku hizi? Fundi, mimi nilikuwepo siku ya mama Sechelela. Bwawa zima liliwaka. Leo imefika zamu ya baba, maji yamekuwa mabovu?"

Hakuwa na ubaya moyoni. Lakini neno la kweli halihitaji ubaya ili lichome.

"Malogo," mama yake akasema.

"Namuuliza tu, mama."

"Tutatia kiganja," mama akaniambia. "Kama zamani. Kiganja kinaharibu nini?"

"Kiganja chako leo. Kesho kutwa ni cha kina Chidawali, binti yao amekufa. Nikikukubalia wewe, wao nitawaambia nini?"

"Kwa hiyo si habari ya Ijumaa."

Nikaitazama khanga ya beseni.

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini yalikuwa macho yale yale yaliyokuwa yakimshika Sechelela akidanganya kwamba amekula. "Shemeji, wewe si mtu wa kuja nyumba ya watu kabla ya chai. Limekuleta jambo. Liseme."

Njiani nilikuwa nimejipangia maneno. Ningesema asidi haitoshi, basi, na ingekuwa kweli kwa kiasi fulani. Mjane angenung'unika, angesubiri, na mimi ningetafuta njia ya kuwazuia watu kidogo kidogo bila yeye kujua zaidi. Huyu mama alikuwa ameshazika watu wawili katika mwezi mmoja. Kulikuwa na kosa gani kumwachia usingizi wake? Na mtu mwingine ndani yangu akawa anajibu: ukimficha, leo atatia. Saa sita Mizani atasema nane. Langoni watakuwepo wazee wengine, nao watamwachia nafasi mjamzito mwingine.

"Majivu ndiyo yanayopandisha maji," nikasema. "Nimeyakuta kwenye chujio leo. Ya miaka yote. Yamekaa mle yanayeyuka polepole, na kila mkitia mengine, maji yanaruka. Asidi inapigana nayo, imeshindwa."

Nje, sufuria moja ilikwaruza sakafu.

Mama Malogo hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Niliona linavyomwingia. Mkono wake ulitoka mapajani ukaenda juu ya khanga ya beseni, ukabaki pale.

"Siku ile malango yalipojifunga," akasema, "asubuhi yake tulitia ya Perusi."

"Ndiyo."

"Beseni alibeba nani?"

Nikaangalia mkeka.

"Nakuuliza, shemeji. Wewe ndiye uliyetufungulia."

"Alibeba mwenyewe."

Malogo akaruka kama aliyechomwa. "Unataka kusema nini? Unataka kusema sisi ndio..."

"Kaa."

"Mama, huyu mtu anatuambia..."

"Nimesema kaa, Malogo."

Akakaa chini, mwanamume mzima mwenye watoto, akaficha uso kwenye magoti. Kalunde alikuwa amefika mlangoni na koti lile la marehemu mwilini. Yeye ambaye hakosi la kusema aliziba mdomo kwa mkono.

"Kwa hiyo ni mdogo wangu," mama akasema.

"Si Perusi. Perusi ni beseni moja. Ni sisi sote. Sechelela yumo katika tope lile, Mama Malogo. Mimi ndiye niliyemtia."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa namwomba Mungu asiliulize.

"Na ule mwanga?"

Mafunzoni walituambia: chembe zikishtuka, huwaka. Sentensi moja tu, kwenye ukurasa wenye picha ya pampu. Niliisoma kabla sijaoa. Siku ya Sechelela niliikumbuka pale pale majini, nikaisukuma mbali, na haikurudi.

"Wanasema zinashtuka," nikasema. "Lakini sijawahi kuangalia hadi mwisho. Bwawa ni kubwa. Mwanga ukizimika pale, maji yanachanganyika, huoni tena."

Mama Malogo akafunga khanga yake kiunoni, akasimama kwa kushika ukuta.

"Basi nipe ndoo," akasema. "Nitaangalia hadi mwisho."

* * *

Kutoa maji bwawani ni kosa. Nilichota ndoo moja, nikaiweka juani karibu na ngazi, na Mizani hakuchelewa.

"Maji yamepungua lita ishirini. Tafadhali eleza sababu."

"Msiba," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Sababu haijatambuliwa. Tafadhali eleza sababu."

"Msamehe," Kalunde akamnong'oneza mtu. "Huyo wa Unguja hajafiwa."

Wageni wa Kondoa walikuwa wamejipanga na nyimbo zao, hawaelewi kwa nini tumezunguka ndoo wakati bwawa liko pale. Mama Malogo hakuwaeleza. Alichovya mkono ndani kwanza. Maji yalikuwa baridi kama yanavyokuwa siku zote, hata juani. Akachota majivu kwa kiganja, akasema, "Baba Malogo, pokea," akayaachia.

Ndoo ikawaka.

Sijawahi kuuona mwanga ule kwa karibu namna hiyo. Ulikuwa kijani kibichi, wenye nguvu kuliko jua. Ulipanda kwenye kuta za ndoo, ukamulika kidevu cha mama na pete yake na nyuso za wajukuu waliokuwa wameinama. Mgeni mmoja akaanzisha wimbo. Wengine wakapokea. Malogo akaita, "Baba," mara moja, kwa sauti ya mtoto.

Halafu ukaanza kufifia. Bwawani, hapo ndipo watu huondoka wakifuta machozi. Sisi hatukuondoka. Mwanga ulirudi chini, ukajikusanya katikati, ukatetemeka, ukabaki kama utambi unaokwisha mafuta. Kisha hapakuwa na kitu. Wimbo nao ukakatika, mtu mmoja mmoja. Maji yakawa na ukungu, na juu yake pakatanda utando mweupe kama wa uji uliopoa.

Tukasubiri. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma shingoni. Baada ya muda Mama Malogo akachovya mkono tena, akautoa upesi, akanitazama.

"Yamepata moto," akasema.

Nikachovya na mimi. Yalikuwa vuguvugu, na yakaendelea kupata joto mkono wangu ukiwa ndani. Chembe zilikuwa zimekufa, hapakuwa na kitu mle cha kula jua.

"Kwa hiyo hakuwa akiitika." Aliongea polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofutika. "Hawa wadogo ndio waliokuwa wakilia."

Kwa mawazo mimi nilikuwa bwawani, maji kifuani, mwaka jana, mwanga umenizunguka pande zote, nikivuta pumzi yangu ndefu.

Ni Kalunde aliyetuokoa. Alivua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mkono wake. "Lungwa wewe," akaiambia ndoo. "Maisha yako yote maji uliyaogopa kama paka. Leo umeonjeshwa ndoo moja tu, umeiua."

Mama Malogo akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko, na wanawake wakamshika mabega, na wao pia wakawa hawajui wafanye lipi.

* * *

Jua likawa kali. Nikawatoa wote nje ya uzio na kubaki na dumu langu.

Asidi haimiminwi hovyo. Unaitia kwenye maji, si maji kwenye asidi, la sivyo itakurukia usoni. Unaichanganya kwenye ndoo, unazunguka nayo upande wa kina kirefu, pampu ikiwa inavuta, unamwaga kidogo kidogo huku unatembea. Nilikuwa nimeutoa mchanga wote wa chujio nikaufungia kwenye magunia, maji yakawa yanapita kwenye kitambaa tu. Nilimwaga hadi tone la mwisho. Nikalisuuza dumu, nikamwaga na masuuzo.

Kisha hapakuwa na la kufanya. Nje foleni ilikuwa imejipanga, vitambaa vibichi vichwani, watu kimya ili wasipoteze nguvu. Baadhi ya wazee walikuwa wamekaa ukutani, mahali pale pale.

"Saba nukta tisa," Mizani akasema.

Nikasubiri. Jasho lilikuwa linakauka kabla ya kutiririka.

"Saba nukta tisa."

Mtoto mmoja nje akamwambia, "Shikamoo Bi Mizani, tufungulie." Mama yake akamnyamazisha.

"Saba nukta nane."

Nikaegemea nguzo. Nilipopima kwa kichupa changu waridi lilikuwa limeanza kupauka. Sikufungua upesi. Nilingoja lielekee kwenye chungwa, kwa sababu nilitaka klorini nayo ipate nguvu ya kufanya kazi. Mizani aliposema saba nukta sita, nikavuta lango.

Waliingia kama wanavyoingia siku zote, wazee kwanza. Niliona Mama Malogo hakuingia. Alikuwa amesimama nje ya lango, juani, na beseni lake lililofunikwa. Baba Chidawali alipofika mbele yake, mkewe nyuma yake kwa khanga nyeusi, Mama Malogo akawazuia.

"Pole kwa binti."

"Asante, mama. Nasi kesho kutwa tutaanua. Tutakuja kutia."

Nilikuwa nimejiandaa kwenda kuongea. Ilikuwa kazi yangu, si yake. Nikaanza hata kutembea.

"Hamtatia," akawaambia. Hakupaza sauti, lakini foleni nzima ilisikia. "Majivu yanapandisha maji. Maji yakipanda lango linajifunga. Mume wangu alikufia hapa aliposimama huyu mtoto, na majivu yaliyofunga lango alikuwa ameyabeba mwenyewe asubuhi. Nilimsifu. Nilimwambia, Baba Malogo, leo umefanya kiume."

Baba Chidawali akaliangalia beseni.

"Leteni kwangu," akaendelea. "Nimemwambia Malogo achimbe shimo nyuma ya nyumba. Yatakaa na ya huyu. Hayatawaka, lakini yatakuwa mahali mnapopajua."

Mkewe Chidawali akaanza kulia. "Sasa nitajuaje kama amepokea?" akauliza. "Mama Malogo, nitajuaje?"

"Hutajua, mwanangu," Mama Malogo akasema. "Ingia majini, jua litakuua."

Akamshika mkono, wakaingia pamoja. Mchana ule hakuna aliyecheza bao.

* * *

Wapo waliokasirika. Wapo waliosema nimezima mwanga kwa kuwa wangu nimeshaupata. Gari la asidi lilifika Ijumaa. Nilijaza mchanga mpya kwenye chujio, na maji yakaanza kusikia tena: nikiyalaza, yanalala, hadi kesho yake.

Jumapili mwaka wa Sechelela ukatimia. Mama Malogo alinipitia baada ya ibada, akakaa kidogo, akanikumbusha kwamba shimo lipo na lina nafasi. Nikamshukuru. Alipoondoka nikateremsha kopo kutoka juu ya kabati.

Nilikaa nalo mapajani sijui kwa muda gani. Majivu yalikuwa mepesi, yana vipande vidogo vya mkaa, na bado yalikuwa na harufu ya siku ile: moshi, na ugali wa watu wengi. Nilifikiria shimo. Nilifikiria pia, sitaficha, kikombe kimoja cha maji ya bwawa, peke yangu, mlango umefungwa. Kikombe kimoja tu.

Halafu nikaiona sufuria yake.

Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, pale alipoiacha. Tangu afe nilikuwa napikia ile ndogo. Ilikuwa nyeusi nje na ndani imeingia ukoko wa manjano. Sechelela asingeivumilia kwa siku moja. Alikuwa akidharau sabuni za dukani na nyuzi za chuma. Alikuwa akikaa kizingitini, sufuria katikati ya miguu, kipande cha gunia mkononi, na majivu. "Majivu yanakula mafuta," alikuwa akisema, na mimi ambaye kazi yangu ni maji sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Nikakaa kizingitini. Nikalowesha kipande cha gunia kwa maji kidogo, nikachovya ndani ya kopo, nikaanza kusugua. Tope la kijivu likateleza vidoleni kama sabuni. Nilisugua nje, nikasugua ndani, nikasugua mpaka mkono ukachoka nikabadilisha. Nilitumia yote. Nikasuuza, nikamwaga masuuzo kwenye mchanga mkavu wa mbali, yasije yakafika bwawani.

Nikaiinua kwenye mwanga kama ninavyoinua kichupa. Ilikuwa nyeupe. Ndani yake niliona uso wangu, na nyuma yangu mlango, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Nikabandika chai.